Nilisema Nasikia

Kwa miaka kadhaa niliwaaminisha watu jambo ambalo sikuwa nimelihakikisha. Nilisema kwamba vicheza muziki vya mfukoni vyenye kile kibandiko cheusi na dhahabu cha Hi-Res Audio vinatoa sauti bora kuliko simu ya kawaida. Nilisema faili la biti 24 lenye sampuli 192,000 kwa sekunde linafunua mambo ambayo CD imeyaficha, na kwamba mimi mwenyewe nayasikia waziwazi. Niliandika hivyo kwenye safu yangu ya muziki, nikayarudia barazani, na watu wa nyumbani kwetu waliponikabidhi fedha zao na kuniuliza wazifanyie nini, niliwajibu kwa kauli hiyohiyo. Nilikosea, na kosa langu halikuishia kwenye maneno. Kuna sauti za marehemu ambazo hazitasikika tena kwa sababu yangu.

Nianze na nilichokiamini, kwa kuwa wengi wanakiamini hadi sasa na picha iliyonipoteza mimi ndiyo wanayooneshwa wao. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, Sony na Philips walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba sauti ipimwe mara 44,100 kila sekunde na kila kipimo kiandikwe kwa biti 16. Mimi nilikuwa nachora wimbi la sauti, mstari unaopanda na kushuka taratibu, halafu juu yake nachora vipimo vya CD kama ngazi. Pembeni naweka mchoro wa pili wenye vidato vidogo zaidi, nasema: hii ndiyo 192,000. Mtu akitazama anakubali papo hapo. Vidato vidogo vinaufuata mstari kwa karibu, basi sauti nayo lazima iwe laini zaidi. Mchoro huo niliuchapisha, na baadhi ya wasomaji wangu walinunua vyombo baada ya kuuona.

Mchoro ule ni wa uongo, na uongo wake ulikuwa umefichuliwa kabla sijazaliwa. Harry Nyquist aliweka msingi wa hesabu yake mwaka 1928, Claude Shannon akaithibitisha kwa ukamilifu mwaka 1949: wimbi likipimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wake wa juu kabisa, vipimo hivyo vinatosha kulirudisha wimbi lilelile, zima, bila kidato hata kimoja. Ngazi hazifiki sikioni. Ndani ya kila kicheza muziki, hata cha bei ndogo, mna kichujio kinachozigeuza namba kuwa mstari laini. Sampuli 44,100 zinabeba mitikisiko hadi karibu hezi 22,000. Sikio la mtoto mwenye afya linakomea kama hezi 20,000, nasi tuliovuka hamsini tumekwisha kupoteza sehemu kubwa ya ncha ile ya juu. Sampuli 192,000 zinafika hezi 96,000. Huko wanasikilizana popo na pomboo.

Biti nazo zina habari yake. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Sebule tulivu usiku, feni ikiwa imezimwa, huwa na kelele ya kama desibeli 30. Ili mtu aifaidi nafasi yote ile ya CD sebuleni, itabidi afungulie muziki mpaka masikio yaingie hatarini. Biti 24 zina kazi muhimu sana studio, wakati wa kurekodi, kwa sababu fundi hajui mwimbaji atapaza sauti kiasi gani na anahitaji nafasi ya kutosha juu na chini. Wimbo ukishakamilika, nafasi hiyo ya ziada haina wa kuitumia.

Haya yote yalikuwa yamechapishwa. Christopher Montgomery, mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza miundo ya sauti za kidijitali, aliandika mwaka 2012 makala ndefu akieleza kwa nini muziki wa biti 24 na sampuli 192,000 haumsaidii msikilizaji. Niliisoma wakati ule. Niliichukulia kuwa maneno ya mtu wa hesabu asiyejua kusikiliza, na namuomba radhi kwa hilo.

Nilichokitaka mimi kilikuwa ni ushuhuda wa wanamuziki, na ulikuwepo. Machi 2014 Neil Young alifungua kampeni ya kuchangisha fedha za kutengeneza Pono, kicheza muziki chenye umbo la pembetatu kilichouzwa dola 399, na watu wakachanga zaidi ya dola milioni 6. Kwenye video ya kampeni, wanamuziki wakubwa walionekana wakitoka kusikiliza ndani ya gari lake, nyuso zimejaa mshangao. Nilimwamini kila mmoja. Leo najiuliza kwa nini sikuhoji jambo jepesi: walilinganisha na nini, na nani alihakikisha kwamba sauti zote mbili zilikuwa na ukubwa mmoja? Pono haikudumu. Mwaka 2017 Young mwenyewe alitangaza kwamba ameachana nayo.

Chombo changu alikinunua ndugu yangu Dubai, akakituma kutoka Muscat anakoishi. Kilikuwa kizito mkononi, cha chuma, na thamani yake ingenunua simu nzuri zaidi ya moja. Jioni ya kwanza nilisikiliza rekodi ninazozijua tangu utoto, na nilisisimka kweli. Msisimko ule sikuubuni. Besi ilikuwa imenona, udi uliniita kutoka karibu, nikasikia pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti. Nikachomoa hedifoni, nikazichomeka kwenye simu, na wimbo uleule ukanywea. Kwangu huo ukawa ushahidi wa kutosha.

Sikujua kwamba chombo kile, kwa alama ileile ya katikati, kilitoa sauti kubwa kuliko simu. Sikio lina tabia ambayo kila muuza spika anaijua: tofauti ndogo ya ukubwa, ya desibeli moja au pungufu, hailitambui kama ukubwa. Msikilizaji hasemi imepanda. Husema imefunguka, ina mwili, mwimbaji yuko karibu. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikiongezeka, sikio linazipokea sauti nene na nyembamba kwa wepesi zaidi, na ndiyo maana besi yangu ilinona. Ndiyo maana pia wanaofanya majaribio haya kwa dhati husawazisha vyombo kwa kipimo, si kwa kukadiria, mpaka tofauti iwe sehemu ndogo tu ya desibeli. Mimi nilisawazisha kwa jicho, nikitazama mistari kwenye kioo.

Jambo la pili ni kwamba sikuwa nasikiliza faili moja. Simuni nilikuwa na MP3 za zamani zilizopita mikono mingi, nyingine zimebanwa hadi kilobiti 128 au chini ya hapo. Kwenye chombo nilinunua matoleo mapya, yaliyosafishwa upya kutoka kwenye kanda mama na fundi aliyechukua muda wake. Tofauti ya matoleo hayo ni ya kweli, mtu yeyote angeisikia. Lakini ilikuwa kazi ya yule fundi. Toleo lake lingeshushwa hadi kipimo cha CD, lingebaki zuri vilevile.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa akisomea uhandisi wa mawasiliano. Alikuja likizo, akanikuta nimevaa hedifoni, akaniamkia shikamoo, akasikiliza maelezo yangu hadi mwisho kama alivyolelewa. Kisha akauliza kwa upole, “Mjomba, na tukizilinganisha sauti zote mbili kwa kipimo, bado utaitambua?”

“Hata usingizini,” nikamwambia.

Alichukua faili langu bora kabisa la biti 24, akatengeneza kutoka kwake faili la pili la kipimo cha CD, akahakikisha ukubwa ni uleule, akayaweka kwenye programu inayoyachezesha bila kuonyesha majina. Hedifoni zilezile, muziki uleule. Unasikiliza la kwanza, unasikiliza la pili, kisha unapewa la tatu ambalo ni mojawapo ya hayo mawili, nawe useme ni lipi. Nilianza kwa kujiamini. Baada ya muda nikagundua kwamba kile nilichokuwa nimekishika kama alama, mng’ao fulani kwenye matoazi, kinakuja na kuondoka bila mpango. Nikabaki nakisia. Tulipofungua majibu, nilikuwa nimepata karibu nusu, matokeo ambayo mtu angeyapata bila kusikiliza chochote.

Binti yule hakucheka wala hakunibishia. Alisema, “Labda leo umechoka, mjomba.” Nami nikaichukua huruma yake nikaifanya hoja. Nilipoulizwa baadaye kuhusu majaribio ya kificho, nikajibu kwamba yanachosha sikio, kwamba muziki haupimwi kwa mtihani, kwamba tofauti hizi zinahitaji siku nyingi za kuishi nazo. Haya ndiyo maungamo yenyewe. Kudanganywa na sikio si aibu, masikio yote ndivyo yalivyoumbwa. Mimi nilikwisha kuujua ukweli, kwa jaribio nililolikubali mwenyewe, nikaendelea kuandika kinyume chake kwa sababu jina langu lilijengwa juu ya kusikia.

Matokeo yangu hayakuwa ya ajabu. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha jaribio ambamo muziki wa ubora wa juu ulipitishwa kwa siri kwenye kipimo cha CD, kisha wasikilizaji wakaulizwa ni upi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8. Watafiti hao waliongeza jambo ambalo ningelipaswa kuliandika kwa herufi kubwa kwenye safu yangu: diski za ubora wa juu nyingi zilisikika vizuri kweli, kwa sababu mafundi walizitengeneza kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na kupata wastani wa asilimia 52.3. Waliofundishwa kwanza nini cha kusikiliza walivuka asilimia 60. Kwa hiyo siwezi kusema hakuna kitu kabisa. Huenda kuna kitu chembamba sana kinachoweza kunaswa na sikio lililofunzwa, mahali patulivu, kwa vyombo vizuri. Mimi sikuwa nasema hivyo. Nilikuwa nasema ni usiku na mchana.

Kwa aliyefuata ushauri wangu, au anayetaka kununua sasa, nieleze ninavyoona leo. Vicheza muziki vinaweza kutofautiana kwa kweli, ila si kwa sababu ya namba zilizo kwenye kibandiko. Kingine kina amplifaya yenye nguvu ya kusukuma hedifoni kubwa za omu 300 ambazo simu inazishindwa. Kingine kina mvumo unaosikika ukitumia hedifoni nyepesi za kuingiza masikioni. Kingine kinabadilisha uwiano wa besi na sauti nyembamba kwa sababu ukinzani wake wa kutolea umeme ni mkubwa mno kwa hedifoni zile. Kama sauti inapita kwenye Bluetooth, muziki unabanwa tena njiani hata ukiwa umelipia biti 24, maana hata LDAC ya Sony inakomea kilobiti 990 kwa sekunde. Simu nzima na hedifoni nzuri zinatosha. Fedha inayobaki inunue rekodi zilizohamishwa vizuri. Sina zaidi ya hapo upande wa ununuzi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Baba yangu mdogo alikuwa mpiga fidla wa taarabu Tanga. Klabu yao haikuwa na jina kubwa kama Black Star. Ilipiga harusini, siku za Idi, na nyumbani kwake kulikuwa na mazoezi kila wiki. Alikuwa na redio kaseti ya mkondo mmoja, akiiweka juu ya stuli na kurekodi. Alipofariki aliacha boksi la kaseti, kila moja na mwandiko wake wa kalamu ya wino: nani kaimba, nani kapiga kanuni, sherehe ya nani. Wengi kati ya waliomo wamekwisha kutangulia. Ndugu tulikaa kikao, tukachanga, tukakubaliana sauti zile zihifadhiwe. Nikakabidhiwa mchango kwa sababu mimi ndiye mjuzi wa sauti katika ukoo.

Sehemu kubwa ya fedha ile niliitumia kununua kigeuzi cha kurekodia chenye uwezo wa sampuli 192,000, pamoja na kicheza muziki kingine cha ubora wa juu, ili familia isikilize kwa heshima inayostahili. Deki ya kaseti nikaazima kwa jirani. Haikufunguliwa, haikusafishwa. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umekauka kwa miaka na hedi zake zina utando wa kahawia. Sikuzitazama hata mara moja. Nilikaa na kaseti zile usiku kucha kwa wiki kadhaa, nikiangalia namba kubwa kwenye kompyuta, nikijisikia nafanya kazi ya historia.

Nilipomaliza nilimpelekea mama mdogo, mjane wake, kicheza muziki kile na hedifoni. Alisikiliza kwa muda mrefu amefumba macho. Kisha akazivua.

“Mwanangu, mbona fidla imefunikwa blanketi? Mume wangu hakupiga hivi.”

Nikamwambia, “Mama, umri ukienda masikio nayo yanapungua. Sauti iko sahihi, hii ni biti 24.”

Akanitazama. “Haya. Wewe ndiye unayejua.”

Nimeyaandika maneno yangu kama nilivyoyatamka. Mwanamke aliyeisikia fidla ile chumba cha pili kwa miaka yote ya ndoa yake aliniambia ukweli kwa sentensi moja, nami nikamnyamazisha kwa namba. Nilifanya hivyo nikiwa mtu aliyekwisha kushindwa jaribio la mpwa wangu. Kama kulikuwa na masikio ya kutiliwa shaka mle chumbani, yalikuwa yangu.

Kisha nikafanya kosa lisilorudi nyuma. Niliwaambia wadogo zangu kwamba kaseti zimemaliza kazi yake, kila kitu kimo kwenye memori kadi kwa ubora unaopita kanda yenyewe, na chumba zilimokuwa kinahitajika. Boksi likahamishiwa banda la uani. Masika yakaingia, maji yakapita chini ya mlango, na kijana aliyesafisha banda baadaye akabeba vyote kwenda jalalani. Hakukosea. Aliambiwa havina kazi.

Nilikuja kuelewa kwa bahati. Nilipeleka deki nyingine kwa fundi redio mmoja hapa Tanga, mzee ambaye ametengeneza vyombo vya mjini tangu enzi za redio za betri, nikiwa na kaseti ya kujaribia. Alipaka spiriti kwenye pamba, akafuta hedi mpaka ikang’aa, akaingiza kaseti. Halafu akaingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu dogo lililo mbele ya hedi, akazungusha skrubu kidogo sana huku ameinamisha kichwa. Nikamuuliza anasikiliza nini, maana wimbo ulikuwa bado haujaanza. Akasema anasikiliza mvumo uliorekodiwa kwenye kanda. “Mvumo ukichangamka, hedi imekaa. Ukifubaa, umepitiliza.” Akarudi nyuma robo ya mzunguko. Wimbo ulipoanza, sauti nyembamba zote zilikuwepo mahali pake.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kupokea senti ya mtu. Kanda ya kaseti hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wimbi moja la hezi 10,000 lina urefu usiofika mikroni 5 juu ya kanda. Rekodi ya mkondo mmoja ina upana wa kama milimita 1.5. Hedi ya kusomea ikiinama tofauti na ile iliyorekodi, hata kwa sehemu ya tano ya nyuzi moja, sehemu moja ya upana ule inasoma wimbi likipanda wakati nyingine inalisoma likishuka, na hezi 10,000 zinafutana zenyewe. Zilizo chini yake zinafifia kwa kadiri yake. Fidla inaishi kwenye mawimbi hayo madogo. Ukiyaondoa, noti zinabaki, upinde unapotea.

Hilo ndilo blanketi alilolisikia mama mdogo. Nilifungua faili zangu kwenye programu inayoonyesha mawimbi kwa picha. Juu ya hezi 5,000 kulikuwa karibu kutupu, na kutoka hapo mpaka hezi 96,000 hapakuwa na kitu ila kelele ya mitambo. Kaseti ya kawaida isiyo na Dolby ina nafasi ya desibeli hamsini na kitu, ambayo biti 9 zingeibeba. Faili zangu zilikuwa na ukubwa unaozidi mara sita ule wa CD, na ndani yake nilikuwa nimehifadhi kwa uaminifu mkubwa kosa la skrubu moja. Miongozo ya IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, inataka biti 24 na angalau sampuli 48,000 kwa sekunde. Miongozo hiyohiyo inataka hedi irekebishwe upya kwa kila rekodi inayohamishwa. Nilikuwa nimesoma sehemu ya namba tu.

Nafikiria santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Vyombo vya wakati ule vilibeba mawimbi ya hezi elfu chache tu, na bado sauti yake inasimama mbele ya msikilizaji hadi leo ikiwa aliyeihamisha santuri alichagua sindano inayofaa na kasi sahihi. Mtu mwenye vyombo duni na mikono makini amewatendea haki wale waliorekodi. Mimi nilikuwa na vyombo bora kuliko yeye, na sikuwatendea haki ndugu zangu wenyewe.

Nilikwenda kwa mama mdogo nikamweleza yote, pamoja na jaribio la mpwa wangu na yale niliyoficha. Nilimwomba radhi kwa kuyasingizia masikio yake. Alinyamaza kidogo, akasema alijua, kwa sababu amelala na kuamka na fidla ile tangu ni msichana. Kisha akaingia chumbani akatoka na mfuko wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kaseti chache alizozichomoa kwenye boksi siku nilipoamuru litolewe, zile zenye mwandiko wa mumewe uliomgusa zaidi. Hakuniambia wakati ule kwa sababu nilikwisha kusema najua.

Kaseti hizo tumezihamisha upya, mzee yule fundi na mimi, hedi ikirekebishwa kwa kila upande wa kila moja. Mbili zilikuwa na ukungu na moja imeanguka kijipedi kinachoisukuma kanda kwenye hedi, akakihamisha kutoka kaseti tupu. Mama mdogo amezisikiliza kwa spika ndogo ya kawaida iliyoko sebuleni kwake, na ametaja jina la kila mpigaji kabla sijamsomea lebo. Vyombo vile viwili vya ubora wa juu nimeviuza pamoja na kigeuzi. Kilichopatikana nimekirudisha kwenye mfuko wa familia, na kilichopungua nakilipa kutoka kwenye mshahara wangu. Safu zile ambamo nilichapisha mchoro wa ngazi na kudai nasikia, nimeomba mhariri azifute, na makala hii ichapishwe mahali pake.

Zilizokwenda jalalani hazipo. Lakini enzi zile watu walinakiliana kaseti, na najua za baba mdogo zilinakiliwa: wageni wa harusi waliziomba, nyingine zilivuka kwenda Mombasa na Pemba, nyingine zilikwenda Muscat ndani ya mizigo ya ndugu. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti ya taarabu ya mazoezi kutoka Tanga, yenye fidla moja mbele na watu wakiongea kati ya nyimbo, tafadhali usiicheze kwenye deki ambayo haijasafishwa, na usiitupe hata kama umekwisha kuihamisha. Niletee habari kupitia ofisi ya gazeti hili. Nitakuja mwenyewe kuiazima, nije na fundi, na kanda yako utarudishiwa mkononi siku hiyohiyo.